Una Nini Nyumbani?

Somo la kusoma: 2 Wafalme 4:1–7

 

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo vijana na akina mama hutuuliza mara nyingi baada ya ibada. Huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Husema, "Je, Mkristo aweza kuanzisha biashara na bado akabaki Mkristo?" Wengine huuliza kwa namna nyingine: "Nimeomba Mungu anipe mtaji. Mbona hajibu?"

Hayo ni maswali mema, na hayafai kujibiwa kwa haraka. Basi na tufungue Biblia zetu, Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa nne. Tutaisimulia habari hiyo kwa maneno yetu wenyewe, nanyi mtaisoma baadaye pamoja na jamaa zenu.

Palikuwa na mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kumcha Mungu, mmoja wa wanafunzi wa manabii. Lakini alipokufa aliacha deni, na mwenye kudai akaja kuwachukua watoto wawili wa mama huyo wawe watumwa wake. Mama akamlilia Elisha, mtu wa Mungu. Elisha akamwuliza swali moja: ana kitu gani nyumbani? Mama akajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Elisha akamwagiza aende kwa jirani zake aazime vyombo vitupu, tena si vichache. Kisha ajifungie ndani yeye na wanawe, amimine mafuta katika vyombo hivyo. Mama akafanya hivyo. Watoto wakaleta vyombo, yeye akamimina, mpaka vyombo vikaisha, na mafuta nayo yakakoma. Akarudi kwa Elisha. Naye akamwambia ayauze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki.

Wapendwa, mambo mengi ya biashara yamo katika aya hizo saba. Lakini kabla hatujaendelea, tutazameni kwanza jambo ambalo Elisha hakulifanya.

Elisha hakumwambia mama yule aache yote, akae chini angojee mwisho wa dunia. Katika kaunti yetu hii ya Kilifi tumeona matunda ya mafundisho ya namna hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wazee, vijana na watoto wachanga. Wengi walikufa kwa njaa, baada ya kufuata mafundisho ya kuacha shule, kazi na chakula ili wamwone Mungu. Hukumu ya wahusika ni ya mahakama na ya Mungu mwenyewe. Lakini sisi tuliobaki yatupasa kusema wazi redioni na kanisani: imani inayomtenga mama na jembe lake, na sufuria yake, na watoto wake, haikutoka kwa Mungu wa Elisha. Mungu wa Elisha aliiokoa nyumba ile kwa kuipa kazi ya kufanya.

Tena Elisha hakudai sehemu yake. Someni tena aya hizo kwa makini. Hakusema, "Nipe kwanza chupa hiyo iwe mbegu, nawe utavuna mia." Hakuomba hata tone moja. Siku hizi wako wanaowaambia maskini watoe mtaji wao wote madhabahuni ili Mungu awarudishie mara nyingi. Sadaka ni njema, nasi twawahimiza ninyi nyote mtoe kwa moyo wa furaha. Lakini anayechukua chupa ya mwisho ya mjane hafuati mfano wa Elisha.

Haya, sasa turudi kwenye swali lenyewe: una nini nyumbani?

Sisi tunaozungumza nanyi hatuzungumzi kama mabingwa. Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa letu dogo kaskazini ya Kilifi, tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wetu akina mama, ambao tulianzisha kikundi. Kwa miezi sita tulikutana kila Jumatano tukamwomba Mungu atuletee mfadhili. Mfadhili hakuja. Siku moja tulipokuwa tukisoma habari hii ya mjane, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akacheka. Tukamwuliza, "Mama, wacheka nini?" Akasema, "Huyu aliulizwa ana nini nyumbani, akasema hana kitu ila mafuta. Na sisi kila siku twasema hatuna kitu, na minazi imetuzunguka."

Tukanyamaza. Ilikuwa kweli. Nazi zilikuwa zikianguka nyuma ya kanisa wakati sisi tukiomba mbele. Hapo ndipo tulipoanza kutengeneza mafuta ya nazi.

Wala si sisi peke yetu tulioshindwa kuona kilicho karibu. Ninyi mlioko Gede mwajua habari ya Mradi wa Kipepeo. Kwa miaka mingi watu waliokaa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke waliuona msitu ule kuwa ni hasara tupu: ndovu na nyani walitoka humo kuharibu mashamba, na wengine walitamani ukatwe wapewe ardhi. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi, wenye makao yake penye magofu ya Gede, wa kuwafundisha wakulima kufuga vipepeo. Mkulima humweka kipepeo jike ndani ya chandarua, hukusanya mayai, huwalisha viwavi majani wanayoyapenda, na wanapogeuka kuwa mabuu yaliyojifunga, huyapeleka Gede. Kutoka hapo husafirishwa mbali, hata Ulaya, kwenye nyumba ambazo watu hulipa ili wawatazame vipepeo wakiruka. Msitu ulikuwapo siku zote, na vipepeo walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza majirani zake: mna nini nyumbani?

Basi wewe unayesikiliza, jiulize. Labda una minazi mitatu. Labda unajua kusuka makuti yasiyovuja, au kushona, au kupika mahamri ambayo jirani husifia. Labda una kuku wanne. Usidharau. Mtaji wa kwanza ni kile ulicho nacho, pamoja na mikono yako, pamoja na jina lako jema.

Neno la pili katika habari yetu ni vyombo vya jirani. Mungu angeweza kuumba vyombo pale pale ndani ya nyumba. Badala yake mama aliagizwa kutoka nje, kubisha hodi, kuazima. Biashara haifanywi na mtu aliye peke yake.

Sisi tulianza kwa bidii kubwa. Tulifua nazi, tukazivunja, tukakaa kila mtu juu ya mbuzi yake tukakuna. Tukakamua tui kwa kifumbu, tukalichemsha taratibu juu ya kuni mpaka mafuta yakapanda juu na machicha yakashuka yakageuka rangi ya kahawia. Tukayachuja, tukayatia katika chupa za lita moja, tukauza kila chupa shilingi 400. Watu walinunua. Tukamshukuru Mungu. Lakini baada ya miezi minne hatukuona faida yoyote, na kila mtu alianza kumtazama mweka hazina kwa jicho la pembeni.

Jirani yetu mmoja ni mzee Mwislamu mwenye duka la rejareja. Ndiye aliyekuwa akituuzia chupa. Siku moja akatuuliza, "Mama zangu, hesabu zenu ziko wapi?" Tukamjibu, "Mzee, sisi twamtegemea Mungu." Akatabasamu, akasema, "Na mimi pia namtegemea. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari." Akavuta kiti, akachukua kalamu, akatuuliza nazi ngapi huingia katika lita moja. Tukasema kama kumi na tano. Akauliza bei yake. Tukasema, "Hatununui, zatoka mashambani mwetu." Akasema, "Mchuuzi akija shambani mwenu hununua nazi moja kwa bei gani?" Tukasema shilingi 25. Basi akaandika: nazi 15 ni shilingi 375. Kuni shilingi 50. Chupa na kifuniko shilingi 15. Nauli ya kupeleka mjini shilingi 20. Jumla shilingi 460. Nanyi mwauza 400. Akatugeuzia daftari tulione.

Ndugu wapendwa, tulikuwa tukipoteza shilingi 60 kwa kila chupa, tena bila kuhesabu jasho letu. Kwa miezi minne tuliita hasara baraka, kwa sababu tu tulikuwa tumeifanya kwa maombi.

Bwana Yesu mwenyewe alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mtaipata habari hiyo katika Luka 14. Kuhesabu si kukosa imani. Daftari ni sehemu ya uaminifu. Siku hizi, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata mwuza mboga ana karani mfukoni, maana kila malipo ya simu huacha ujumbe wa kiasi na saa. Lakini ujumbe usiosomwa hausaidii. Jioni kabla ya kulala, andika mambo matatu: kilichoingia, kilichotoka, na unachodai au kudaiwa. Ukisha andika, ndipo upige magoti. Utajua unaombea nini.

Tukapandisha bei mpaka shilingi 600. Wateja wengine wakaondoka, lakini wengi wakabaki kwa sababu mafuta yalikuwa mazuri. Na hapo, wapendwa, ndipo tulipoanguka.

Neno la tatu katika habari yetu ni mlango uliofungwa. Mama yule alijifungia ndani pamoja na wanawe. Muujiza ulifanyika mahali ambapo mnunuzi hakuona. Vivyo hivyo, kila biashara ina mlango wake uliofungwa. Mnunuzi haoni jikoni mwako. Haoni ulivyopima, ulivyochanganya, ulivyoficha embe bovu chini ya tenga. Nyuma ya mlango huo kuna mmoja tu anayekuona.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tulisifiwa. Kabla ya Krismasi tulipata oda kubwa kuliko zote tulizopata kabla ya hapo. Nazi zilikuwa chache msimu ule, na siku zilikuwa zimebaki chache. Usiku mmoja, jikoni, mmoja wetu akaleta dumu la mafuta ya kupikia ya bei nafuu akasema, "Tukichanganya robo tu, nani atajua?" Tulikuwa saba usiku ule. Hakuna aliyesema ndiyo. Lakini hakuna aliyesema la. Tulichanganya kimya kimya, tukafunga chupa, na kabla ya kutawanyika tukaomba kama kawaida yetu.

Juma la pili la Januari akaja mama mmoja, mteja wetu wa tangu mwanzo, ambaye alikuwa akimpaka mjukuu wake mafuta yetu. Alitukuta baada ya maombi ya Jumatano. Alikuwa na chupa yetu mkononi. Mwajua kwamba mafuta halisi ya nazi yakiwekwa mahali penye baridi huganda yakawa meupe kama samli. Mama huyo alikuwa na friji, na alizoea kuyaona mafuta yetu yakiganda. Akaiweka chupa mezani. Ndani yake mafuta yalikuwa yamegawanyika, chini ute mweupe, juu majimaji. Akasema, "Mama zangu, haya hayakuganda." Hakusema neno jingine. Hakudai fedha. Akaaga, akaondoka.

Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Hakuna aliyewasha taa. Mwishowe mzee wa kanisa, ambaye hakuwapo usiku ule wa kuchanganya, akatusomea Mithali 11, aya ya kwanza, juu ya Mungu kuichukia mizani ya udanganyifu. Kisha akatusomea habari ya Zakayo katika Luka 19. Zakayo hakuishia kusema "nisamehe" tu. Alisema atarudisha.

Basi ikatubidi kurudisha. Tulichukua daftari, lile lile tulilofundishwa na mzee wa dukani, tukatafuta kila jina. Tulikwenda wawili wawili, nyumba kwa nyumba, tukisema, "Mama, mafuta uliyonunua kwetu mwezi wa Desemba hayakuwa safi. Tulichanganya. Hizi hapa fedha zako." Mwenye duka aliyetupa oda kubwa alitutazama kwa muda mrefu, akachukua fedha, akasema hatanunua tena. Wengine walikataa kupokea fedha, wakatupa maji ya kunywa. Mama mmoja alitucheka. Mtaji wote ukaisha. Wanachama wawili walikasirika kwamba tumejitia aibu bure, wakatoka katika kikundi, na hata leo hawajarudi, ingawa twasalimiana vizuri.

Twawaambia habari hii si kwa kujisifu kwamba tulitubu. Twawaambia kwa sababu mtu aanzapo biashara hudhani jaribu lake kubwa litakuwa umaskini. Kwetu sisi jaribu kubwa lilikuja tulipoanza kufanikiwa. Na twawaambia pia kwa sababu ya lile swali la kwanza: je, Mkristo aweza kufanya biashara na bado akabaki Mkristo? Twajibu: aweza, ikiwa yuko tayari kupata hasara siku ile ambapo faida na ukweli haviwezi kukaa katika chupa moja.

Neno la nne ni deni. Tazameni mpango wa Elisha: uza, lipa deni, kisha ishi kwa kilichobaki. Deni lilitangulia hata chakula cha nyumba.

Sisi watu wa pwani twapaswa kuielewa habari ya watoto wale wawili kuliko wengi. Katika njaa kali za karne ya 19, wako wazee wetu walioweka watoto rehani ili wapate nafaka, na wengine hawakuwaona tena. Bahari hii iliyoleta nguo na shanga ilichukua watu pia. Wamishenari Krapf na Rebmann walifungua kituo Rabai mwaka 1846, na baadaye mahali hapo pakawa kimbilio la watumwa waliotoroka. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai, walipewa hati za uhuru baada ya waliowadai kulipwa fidia. Yaani kulikuwa na watu katika pwani hii waliojua bei yao wenyewe kwa fedha. Basi Mkristo wa Kilifi hana budi kuichunguza biashara yake kwa swali hili: je, inamfanya mtu kuwa huru zaidi, au inamgeuza kuwa bidhaa? Msichana anayekuuzia dukani, je, wamlipa mwisho wa mwezi au wamzungusha? Yakobo katika waraka wake, mlango wa tano, asema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mpaka mbinguni.

Na deni la leo huja kimya kimya. Mikopo ya simu hupatikana usiku wa manane, pasipo mtu wa kukuuliza wataka kuifanyia nini. Mfuko wa serikali uitwao Hasla, uliozinduliwa Novemba 2022, ulianza kwa mikopo ya kuanzia shilingi 500. Hatusemi mkopo ni dhambi. Vyombo vya mjane vilikuwa vya kuazima. Lakini aliazima vyombo vya kutilia mafuta aliyokuwa nayo tayari. Kukopa ili kuongeza kazi iliyokwisha kuanza ni jambo moja. Kukopa kwa huyu ili kumlipa yule, au kukopa kwa ajili ya nguo ya sikukuu, ni jambo lingine kabisa.

Tena kuna deni tunalodaiana wenyewe kanisani. Mwalifahamu sana. Ndugu huja dukani asema, "Bwana asifiwe, mama. Nipe kilo mbili za unga, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi haji dukani, na Jumapili hukaa upande wa pili wa kanisa. Mwenye duka amepoteza unga, na kanisa limepoteza ushirika. Ikiwa wataka kumsaidia ndugu yako, msaidie kwa moyo wote, umwambie kwamba ni zawadi. Ikiwa ni mkopo, andikeni, mtie sahihi, na ulipwe. Na wewe uliyekopa, usilitumie jina la Bwana kuwa dhamana ya unga. Nenda ukalipe. Ukiwa huna, nenda pia, useme huna. Heshima yako itarudi kabla ya fedha.

Neno la mwisho ni kilichobaki. Mama na wanawe waliishi kwa kilichobaki baada ya deni. Hapa wengi wetu hukosea, maana twala mbegu. Siku moja umeuza samaki kwa shilingi 3,000, nawe waona una shilingi 3,000. La hasha. Katika fedha hizo 2,400 labda ni za kununua samaki wa kesho. Zako ni 600, na katika hizo iko sadaka, iko ada ya mtoto, iko akiba. Kikundi chetu sasa kina makopo mawili. Moja ni la biashara, halifunguliwi ila mbele ya watu watatu. Jingine ni la huruma, kwa ajili ya mgonjwa na msiba. Zamani tulikuwa na kopo moja, na kila ugonjwa uliufunga mradi.

Kumbukeni pia kwamba mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Msitegemee chombo kimoja. Wengi katika pwani hii walitegemea kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa miaka ya 1970, na kilipofungwa miaka ya 1990, korosho zilibaki bila soko la uhakika. Wengi Malindi na Watamu walitegemea watalii peke yao, nao wakalia baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, na tena corona ilipokuja mwaka 2020. Mwenye kuuza vinyago aweza pia kuwa na mbuzi wawili. Mwenye hoteli asisahau kumpikia jirani yake.

Labda wauliza, kikundi kiliishia wapi? Tulikaa karibu mwaka mzima bila kuuza kitu. Kisha yule mama wa chupa akaja tena Jumatano moja. Akauliza kama tuna mafuta. Tukamwambia hatuna mtaji wa chupa. Akasema, "Chupa ninazo." Akatuletea vyombo vyake vitupu, vimeoshwa, ndani ya kapu. Tulipoviona tulikumbuka ile habari ya jirani na vyombo, na mmoja wetu akashindwa kuzuia machozi. Siku hizi twauza chupa chache tu kwa juma. Hatujawa matajiri. Lakini mlango wa jikoni yetu twauacha wazi, na anayetaka kuja kutazama tunavyokamua, karibu.

Wapendwa, juma hili fanyeni jambo moja. Ketini pamoja na jamaa yenu, mume na mke, mama na watoto, mwulizane: tuna nini nyumbani? Kiandikeni. Halafu mwombeeni Mungu kile mlichokiandika.

Tuombe. Ee Baba wa wajane na yatima, tufumbue macho tuone ulichokwisha kutupa. Tupe mikono isiyochoka na kipimo kisichodanganya. Tunapokuwa nyuma ya mlango uliofungwa, utukumbushe kwamba upo nasi. Walipe wanaodai, wafungue wanaodaiwa, na nyumba zote za pwani hii zipate riziki ya halali na kuila kwa amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.